Sidiria 38 inapanda mgongoni na bado vikombe vinabana: je, ninunue 40?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina umri wa miaka 31, naishi Morogoro, nina watoto wawili na wa mwisho nilimwachisha kunyonya mwaka jana. Kwa miaka mingi nilivaa sidiria 36B, kwa sababu muuzaji mmoja alinipima chini ya matiti akapata inchi 31, akaongeza 5, akasema mimi ni 36. Vikombe vilipoanza kunibana nikahamia 38B. Sasa mkanda wa nyuma unapanda hadi katikati ya mgongo, kamba zinanichimba mabegani, waya unanichoma karibu na kwapa, na ikifika jioni chini ya matiti kunawasha. Nimejipima upya: chini ya matiti inchi 31, katikati ya matiti inchi 38 na nusu. Je, niende 40? Na je, ni kweli sidiria ya waya huleta saratani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe ili nisikuweke roho juu: usinunue 40, na hiyo 38 uliyo nayo iache. Kwa vipimo ulivyonitumia, sidiria ya kwanza unayopaswa kuijaribu ni 34 yenye kikombe cha DD kwa lebo za Uingereza, ambayo kwa lebo za Ulaya bara, na kwa nyingi zitokazo China, huandikwa 75E. Najua herufi hizo zitakushtua, kwa kuwa wengi wetu tumekua tukiamini kwamba DD ni ya wanawake wenye matiti makubwa kupita kiasi, na huenda wewe unajiona wa kawaida tu. Ni kweli wewe ni wa kawaida. Herufi haipimi ukubwa wa titi. Inapima tofauti kati ya mzunguko wa kifua penye matiti na mzunguko wa mbavu chini yake, na kwa hiyo haina maana yoyote mpaka isomwe pamoja na namba iliyo mbele yake. Kikombe cha D kwenye mkanda wa 32 ni kidogo kuliko kikombe cha D kwenye mkanda wa 40, na tofauti hiyo si ya kubabaisha, maana ukiviweka mezani utadhani vimeshonwa kwa watu wa rika mbili.

Kanuni ya kuikumbuka ni kwamba ukishuka namba moja ya mkanda ukapanda herufi moja, ujazo wa kikombe unabaki uleule. Kwa hiyo 36D, 34DD na 32E vina vikombe vya ujazo mmoja, ila vimefungwa kwenye mikanda mitatu tofauti. Sasa angalia kilichokupata. Ulipotoka 36B kwenda 38B ulipata nafuu kidogo, na nafuu hiyo ilikuwa ya kweli, kwa sababu 38B ina ujazo wa 36C. Ulipata herufi moja ya kikombe, lakini uliilipia kwa inchi mbili za mkanda ambazo mwili wako haukuzihitaji. Ungekwenda 40B kama unavyofikiria, ungepata ujazo wa 36D, yaani vikombe hatimaye vingekutosha, na pengine ungeniandikia kunishukuru wiki ya kwanza. Lakini mkanda ungekuwa umelegea kiasi kwamba sidiria nzima ingening'inia shingoni mwako kwa kamba mbili. Wanawake wengi ninaowapima wamepanda ngazi hiyo hatua kwa hatua, kutoka 36 hadi 42, wakati mbavu zao hazijaongezeka hata inchi moja.

Malalamiko yako yote manne yanatokana na mkanda mkubwa na kikombe kidogo. Kazi ya kubeba matiti ni ya mkanda unaozunguka mbavu. Ukifunga kanga kifuani ikakaza vizuri, haihitaji kamba ya begani ili isidondoke, na mkanda wa sidiria unapaswa kufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Ukilegea, uzito wa mbele huvuta chini na nyuma hupanda. Mwenye sidiria huona matiti yameshuka, basi hufupisha kamba, na kamba zilizofupishwa huuvuta mkanda wa nyuma juu zaidi, na mabega hubaki yamebeba mzigo usio wao. Waya unakuchoma karibu na kwapa kwa sababu ile ya pili: kikombe ni kidogo, kwa hiyo waya hauwezi kulizunguka titi lote ukatua kwenye mbavu, unakaa juu ya nyama ya titi lenyewe, ambayo kwa kila mwanamke huendelea hadi karibu na kwapa. Na kuwashwa chini ya matiti hutokea pale titi lisiponyanyuliwa, ngozi ikalalia ngozi, jasho likakosa pa kwenda.

Hapa panahitaji maelezo kuhusu ile hesabu ya muuzaji wako, kwa sababu hakukudanganya. Alitumia kanuni ya zamani ambayo bado imeandikwa nyuma ya maboksi mengi: pima chini ya matiti, ukipata namba shufwa ongeza 4, ukipata witiri ongeza 5, kisha toa jumla hiyo kwenye kipimo cha katikati ya matiti upate herufi. Herufi za vikombe zilianza kutumika Marekani katika miaka ya 1930, zama ambazo mikanda ilishonwa kwa vitambaa visivyonyumbulika sana. Uzi wa lycra, ambao leo umo karibu katika kila sidiria, ulibuniwa na kampuni ya DuPont mwaka 1958. Mkanda usionyumbulika ulihitaji nafasi ya kupumulia. Mkanda wa sasa hujitanua wenyewe, na ukiuongezea inchi 5 unaongeza juu ya nyongeza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth nchini Uingereza walilinganisha njia ya kawaida ya futi na njia ya kuitazama sidiria ikiwa mwilini, wakachapisha matokeo mwaka 2012: futi ilikadiria mkanda kuwa mkubwa kuliko ipasavyo kwa asilimia 76 ya wanawake waliopimwa, na vikombe kuwa vidogo kuliko ipasavyo kwa asilimia 84. Hayo ndiyo makosa mawili uliyonayo wewe, na kwa upande uleule.

Zipo njia nyingine mbili za kuhesabu, na nitazipitia kwa vipimo vyako ili uone kwa nini nimekupa 34DD. Ya kwanza, inayopendwa na wapimaji wengi wa Uingereza siku hizi, haiongezi kitu: 31 inasogezwa hadi namba shufwa iliyo juu yake, yaani 32, kisha 38 na nusu kutoa 32 inabaki 6 na nusu. Kwa lebo za Uingereza inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D, 5 ni DD, 6 ni E na 7 ni F, kwa hiyo unapata 32E. Ya pili ni ya Ulaya bara, nayo hutumia sentimita: chini ya matiti una sentimita 79, ambazo zinaangukia mkanda wa 80, na tofauti yake na kipimo cha katikati ya matiti ni sentimita 19, ambayo ni D, kwa hiyo unapata 80D, inayolingana na 36D. Sasa rudi juu kwenye ile kanuni ya ujazo: 32E na 36D ni kikombe kilekile. Njia hizi mbili zinagombana kuhusu ukazaji wa mkanda tu, lakini kuhusu matiti yako zinakubaliana kabisa. Aliyekosea kikombe ni yule aliyeongeza 5 kwanza, halafu akatoa kutoka kwenye namba iliyokwisha kuvimbishwa, ndipo ikatoka B. Mimi nimekuweka katikati ya hizo mbili, 34DD, na lastiki ya sidiria utakayoishika mkononi ndiyo itakayoamua kama unashuka hadi 32 au unapanda hadi 36.

Kabla ya kwenda sokoni jipime tena, maana futi nyingi za kitambaa zilizotumika miaka zimetanuka, na nusu inchi hapa ni nusu ya kikombe. Tumia futi ngumu ya fundi, iliyo mpya. Simama mbele ya kioo ukiwa huna sidiria, au ukiwa na sidiria nyepesi isiyo na sponji, zungusha futi chini kabisa ya matiti, hakikisha haijashuka mgongoni, toa pumzi, kaza mpaka isiteleze, soma. Kwa kipimo cha pili, futi ipite kwenye chuchu bila kubana. Kwa kuwa umenyonyesha watoto wawili, na matiti baada ya kunyonyesha mara nyingi huwa laini na huelekea chini, kipimo cha kusimama peke yake huenda kikapunguza ukweli. Basi inama mpaka mgongo ulale kama meza, matiti yaning'inie, upime tena sehemu hiyo hiyo. Ukipata namba kubwa kuliko ya kwanza kwa inchi moja au zaidi, anza na herufi moja juu ya hiyo niliyokupa. Usijipime siku chache kabla ya hedhi ikiwa matiti yako huvimba wakati huo.

Sasa sokoni. Iwe ni soko la Kingalu hapo kwenu au mtaa wa Kongo kule Kariakoo, hali unaijua: sidiria zimetundikwa au zimerundikwa, muuzaji mara nyingi ni mwanaume, chumba cha kujaribia hakuna, na mteja huona haya hata kuzigusa kwa muda mrefu. Muuzaji atakutazama kifuani kwa sekunde moja na kukuambia namba yako. Mshukuru, kisha fanya yako. Vaa fulana nyepesi iliyobana, na ndani yake sidiria isiyo na sponji, ili uweze kuijaribu mpya juu ya nguo bila kujifunua. Kwa namna hiyo huwezi kuhukumu vikombe sawasawa, lakini mkanda unaweza, na mkanda ndio unaokusumbua. Beba futi yako kwenye pochi. Kwenye lebo utakutana na mambo matatu. Kuna zenye namba mbili, 34/75 au 36/80, ambazo ni mkanda uleule kwa mifumo miwili. Kuna zenye orodha ya nchi, ambapo Ufaransa na Ubelgiji huongeza 15 juu ya namba ya Ulaya, kwa hiyo ukiona 90E usiogope, ni ile ile 75E. Herufi pia hutofautiana, kwa sababu Ulaya bara hakuna herufi mbilimbili baada ya D: DD ya Uingereza ni E yao, na E ya Uingereza ni F yao. Na kuna zile za bei ya chini zenye namba tu bila herufi yoyote. Hizo kwa kawaida hukatwa kwa kikombe cha wastani, B au C, na wewe usipoteze muda nazo hata kama rangi imekupendeza.

Kipo kipimo kimoja ambacho wateja wangu hukipenda kwa sababu hakihitaji kuvua chochote. Ifunge sidiria kwenye kulabu ya nje kabisa, yaani ile inayoacha mkanda mrefu zaidi, uweke mkanda sambamba na futi, uuvute kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Ukifika inchi 31 na bado una akiba kidogo ya kunyumbuka, huo ni mkanda wako, hata kama lebo inasema 32 au 36. Ukifika 35 bila kusumbuka, ni mkubwa kwako hata kama lebo inasema 34. Viwanda havikubaliani, na sidiria mbili za kampuni moja zenye namba moja zinaweza kutofautiana kwa zaidi ya inchi moja, kwa hiyo uamini mkono na futi kuliko maandishi. Kabla ya kulipa, kubaliana na muuzaji kwamba ukiijaribu nyumbani usiku huo ikakataa, utairudisha kesho yake ikiwa na lebo na haijavaliwa nje. Wengi hukubali ukiomba mapema kwa upole. Ukiomba baada ya kulipa ni ugomvi.

Nyumbani, mbele ya kioo, ndipo upimaji wenyewe unapofanyika, na hapa nakuomba usiharakishe. Funga kulabu ya nje kabisa. Sidiria mpya inapaswa kukaa vizuri kwenye kulabu hiyo, kwa kuwa lastiki hulegea kadiri miezi inavyopita, na zile safu za ndani zimewekwa ili uzihamie taratibu. Ukinunua inayokaa vizuri kwenye safu ya ndani kabisa, umenunua iliyokwisha kuzeeka. Kisha inama kidogo, ingiza mkono wa kulia kwenye kikombe cha kushoto, ulikusanye titi lote kutoka upande wa kwapa ulilete mbele ndani ya kikombe, ufanye hivyo na upande wa pili, ndipo usimame. Wengi hawajawahi kufanya hivyo maishani, na wakifanya mara ya kwanza kikombe kilichoonekana kinatosha hufurika palepale. Kile walichokuwa wakikiita mafuta ya kwapani kilikuwa ni titi lililokosa nafasi.

Ukisimama, anza kutazama mkanda. Utoke mbele hadi nyuma kwa mstari mmoja ulionyooka, usipande. Chomeka vidole viwili chini yake mgongoni: viingie, lakini ngumi isiingie. Inua mikono yote juu ya kichwa kama mtu anayetoa kitu kabatini. Mkanda ukibaki mahali pake, ni wako, na ukipanda juu ya matiti kwa mbele, ni mkubwa. Halafu shusha kamba zote mbili mabegani. Matiti yatashuka kidogo, hilo ni la kawaida, lakini sidiria haipaswi kuporomoka. Mkanda ukikubana mno, usikimbilie kusema ni mdogo, kwa sababu kikombe kidogo humnyang'anya mkanda nafasi: kinausukuma mbele ukaonekana umebana ilhali umelegea. Ili kuutenga ukweli, igeuze sidiria, vikombe vikae mgongoni na kulabu zikae mbele, uifunge hivyo. Kama sasa inakaa vizuri, shida ni vikombe, na dawa yake ni herufi ya juu, mkanda usiuguse.

Baada ya mkanda tazama kipande cha kati, kile kilichopo baina ya vikombe viwili. Kwa sidiria ya waya kinapaswa kulala bapa kwenye mfupa wa kifua. Kikielea, vikombe ni vidogo. Fuata waya kwa kidole kuanzia hapo hadi kwapani: ulale kwenye mbavu, nyuma ya titi lote, na ncha yake ielekee katikati ya kwapa. Bonyeza ncha hiyo kidogo; ukikuta nyama laini chini yake badala ya ubavu, waya umekaa juu ya titi, na huo ndio ule mchomo unaoulalamikia. Juu ya kikombe pasiwe na mkato unaoligawa titi ukaonekana una matiti manne chini ya blauzi, wala pasiwe na kitambaa kinachokunjamana. Hapa kuna mtego kwako hasa. Titi laini lililoshuka mara nyingi huacha uwazi sehemu ya juu ya kikombe, na mwenye titi hilo huamua kwamba kikombe ni kikubwa, akarudi B, wakati chini yake limebanwa. Uwazi wa juu ukiandamana na waya unaochoma pembeni, usipunguze herufi, badilisha umbo. Tafuta vikombe vilivyoshonwa kwa vipande viwili au vitatu, au vile vifupi visivyofika juu sana, na uachane na zile za sponji nene zilizotengenezwa tayari kwa umbo la bakuli, kwa sababu sponji ina umbo lake na haitafuti lako.

Titi moja likiwa kubwa kuliko jingine, kama ilivyo kwa wanawake wengi, pima kwa lile kubwa na ufupishe kidogo kamba ya upande wa pili.

Kuna uwezekano mkubwa kwamba hutaipata 34DD. Niseme wazi kwamba hilo si kosa lako. Waagizaji wetu huleta kinachotoka haraka, na kinachotoka haraka ni 34B, 36B, 38C, kwa sababu ndicho ambacho wateja wameambiwa wanavaa. Ukikosa, usichukue 34C kwa kujifariji kwamba herufi ni karibu. Chukua 36D, au 80D, ambayo vikombe vyake ni vyako, kisha umpelekee fundi cherehani aupunguze mkanda. Afumue upande wenye kulabu, akate inchi moja na nusu hivi, arudishe kulabu. Ni kazi ndogo kwa mwenye mkono mwepesi. Asipunguze zaidi ya inchi mbili, kwa kuwa kamba za nyuma zitakaribia mno kulabu. Mkanda hupunguzika lakini kikombe hakiongezeki, na kwa sababu hiyo ukilazimika kuchagua lipi liwe sahihi dukani, chagua kikombe.

Utashawishika pia na mitumba, maana humo ndimo herufi za juu hupatikana kirahisi. Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa sababu za kiafya, na Kenya nako zimekatazwa, ingawa sote tunaziona zikiuzwa. Mimi nina sababu yangu ya kifundi pamoja na hiyo: sidiria hufika mtumba pale lastiki yake inapokuwa imechoka. Unapata kikombe sahihi kwenye mkanda uliokufa, na hapo umerudi kulekule ulikotoka.

Kuhusu saratani, jibu ni hapana. Watafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson mjini Seattle, Marekani, walichapisha mwaka 2014 utafiti uliohusisha zaidi ya wanawake 1,000 waliougua saratani ya matiti, wakawalinganisha na wanawake wasiougua, na hawakuona uhusiano wowote, si kwa waya, si kwa saa za kuvaa, si kwa umri wa kuanza kuvaa. Waya uliokaa vibaya huumiza, lakini haugeuki ugonjwa. Hata hivyo, ukigusa uvimbe, ukaona ngozi imebonyea au imefanana na ganda la chungwa, au chuchu ikatoa damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri kubadilisha sidiria. Na ule muwasho wa chini ya matiti, ikiwa ngozi imekuwa nyekundu au imepasuka au ina harufu, mwone daktari, kwa kuwa huenda fangasi wameshaingia, na hao hawaondoki kwa sidiria mpya peke yake. Kwa sasa oga, kausha vizuri mikunjo hiyo kwa taulo kabla ya kuvaa, na kwa joto hili tafuta sidiria ambayo upande unaogusa ngozi ni wa pamba.

Anza kwa kununua moja. Ivae wiki nzima ya kazi, uikague jioni kama ulivyoikagua asubuhi, ndipo uongeze mbili za aina hiyo hiyo, ili uwe na za kubadilisha na kila lastiki ipate siku ya kupumzika. Zifue kwa mkono na sabuni laini, usizikamue kwa kuzisokota, zianike kivulini kwa kuzitundika kwenye kipande cha kati badala ya kamba, na usizitie JIK hata kama ni nyeupe, maana klorini hula nyuzi za lastiki. Siku utakayohama hadi kulabu ya ndani kabisa na mkanda bado unapanda, sidiria hiyo imemaliza kazi yake.

Jipime tena ukinenepa au ukipungua kwa kilo kadhaa, na bila shaka ukipata mimba. Katika mimba mbavu hutanuka pamoja na matiti, kwa hiyo miezi ya katikati unaweza kujisaidia na kile kipande kidogo cha kulabu cha kurefushia mkanda, ambacho huuzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji. Sidiria za kunyonyeshea usizinunue nyingi kabla ya kujifungua. Nunua moja isiyo na waya, yenye kikombe kilicholegea kidogo, na zilizobaki uzinunue maziwa yakishatulia, kwa sababu siku za kwanza yanapojaa matiti huongezeka kuliko vile yatakavyobaki, na sidiria inayobana wakati huo inaweza kuziba mirija ya maziwa.